Kubebana kwa zamu: tumaini katika nyumba yenye ugonjwa wa sukari



Kati ya desturi za Bushi zinazostahili kuandikwa, kuko moja isiyo na ngoma wala kasiksi, na labda ndiyo maana watu wanaisahau: desturi ya kubeba mgonjwa. Zamani, kabla moto hazijajaa barabarani, mtu wa mlimani akizidiwa alilazwa kwenye kipoyi. Wanaume waliweka miti begani na kuteremka naye, na wengine walifuata nyuma mikono mitupu. Wale wa mbele wakichoka, wale wa nyuma wanaingia. Hakuna aliyeuliza kwanza kama mgonjwa ni wa ukoo wake, juu kila mtu alijua kwamba kesho anaweza kulala yeye. Katika vijiji vilivyo mbali na barabara kubwa, jambo hilo linafanyika hata leo.

Kipoyi kile kilikuwa na mwisho. Mnafika hospitalini, mnamshusha mgonjwa, mnapumzika. Lakini sasa kuko magonjwa ambayo safari yake haifiki. Moja ni ugonjwa wa sukari unaowashika watoto na vijana, ule ambao waganga wanauita kisukari cha aina ya kwanza. Sisi tunaoandika ukurasa huu, watu wa Miti, tunaishi na ugonjwa huo ndani ya nyumba. Kwa hiyo swali tunalouliza hatukulitoa kwenye vitabu: je, mtu anaweza kutumaini kama anajua kwamba ugonjwa hautatoka? Na kama anaweza, tumaini hilo ni kazi ya nani?

1. Ugonjwa wenyewe

Tuseme kwanza ugonjwa ni nini, juu mahali ambapo watu hawajui, maneno mabaya yanajaza nafasi.

Ndani ya mwili, nyuma ya tumbo la chakula, kuko kiungo kinachoitwa kongosho. Kinatoa kitu kinachoitwa insulini. Bila insulini, chakula tunachokula kinageuka sukari na kubaki katika damu. Hakiingii mwilini kutoa nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, askari wa mwili wenyewe, wale wanaopigana na magonjwa, wanakosea adui na kuharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Mtoto hakupata ugonjwa huu kwa kula pipi wala kunyonya miwa. Mama hakukosea katika kumnyonyesha. Hauambukizi.

Dalili zake ni hizi: mtoto anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa mara mingi, hata yule aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, anakula na anakonda, anachoka. Asipotibiwa, anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanuka sawa matunda yaliyoiva sana, halafu anapoteza fahamu. Hapa kwetu wengi wanafikiri ni malaria, na siku zinapita.

Dawa yake ni moja tu: kumrudishia mwili ile insulini iliyokosekana, kwa shindano, kila siku, maisha yote. Anayepiga shindano 4 kwa siku anafikisha 1,460 kwa mwaka. Akiacha, kifo kinaweza kuja kwa siku chache ama majuma machache. Na akipiga nyingi kuliko chakula alichokula, sukari inashuka: anatetemeka, anatoka jasho, anasema ovyo, na anapaswa kupewa kitu cha sukari mara moja. Kwa hiyo nyumba nzima inaishi kati ya mabonde mawili, juu sana na chini sana, na njia ya katikati ni nyembamba.

2. “Huyu mutoto banamupatia karuho”

Mtoto anayekonda haraka hapa Bushi hakosi kusemwa. Kabla ya mtu kusema “tumupeleke akapimwe damu”, mwingine ameshasema: “Huyu mutoto banamupatia karuho.” Na karuho ni sumu, na sumu ina mkono uliyoiweka. Basi watu wanaanza kukumbuka: alikula kwa nani? Nani alimpa ndizi siku ile? Shangazi aliyegombana na mama juu ya shamba, alipita hapa lini?

Tuangalie vizuri jambo hili, juu ndani yake kuko tumaini la namna fulani. Mtu anayesema karuho anatafuta njia ya kutoka. Kama ni sumu, kuko mufumu wa kuitapisha. Kama kuko mwenye kosa, kuko wa kumkamata, na akikamatwa mtoto atapona. Hili ni tumaini la haraka na linafariji kuliko maneno ya munganga anayesema, “Ni ya maisha yote.” Ndiyo maana jamaa yenye akili na yenye kusoma inaweza kulishika.

Lakini tumaini hilo lina watu wawili linaowaua. Wa kwanza ni mtoto: wakati anapotapishwa kwa majani, damu yake inaendelea kujaa sukari na maji yanamwisha mwilini. Wa pili ni yule anayetajwa. Mwaka 2021, katika teritwari za Kabare, Kalehe na Mwenga, wanawake wazee waliuawa wakishitakiwa uchawi, na mara mingi waliokuwa wamewataja ni bajakazi, wanawake wanaosema wanaonyeshwa wachawi katika maombi. Kabare ni teritwari yetu sisi. Hatuwezi kuandika juu ya tumaini hapa Miti na kunyamaza juu ya wazee wale.

Kwa hiyo tunasema jambo la kwanza: tumaini linalohitaji mwenye kosa si tumaini. Ni hasira iliyovaa nguo ya tumaini. Tumaini la kweli linaanza siku jamaa inapokubali kwamba hakuna aliyefanya. Neno hilo ni gumu kuliko tunavyofikiri. Ni rahisi zaidi kumchukia mtu kuliko kukubali kongosho.

3. Kungoja na kutumaini

Wengi wetu tunachanganya maneno haya mawili. Anayengoja anakaa kando ya barabara, anaangalia kama gari linakuja. Anayetumaini ameshaanza kutembea. Gari likija litamkuta njiani. Katika maneno ya kila siku tunasema “nangojea Mungu”, na maana yake mara mingine ni hiyo ya kwanza na mara mingine ni hiyo ya pili. Kwa ugonjwa wa sukari tofauti hiyo ni uzima ama kifo.

Tuko watu wa sala, na hatutaki mtu atuelewe vibaya. Kuomba kunatupa nguvu, na wanaokuja nyumbani kuomba pamoja nasi wanatusaidia kubeba. Lakini kuko vyumba vya maombi ambamo wanamwambia mzazi: “Kama uko na imani, acha ile shindano.” Hapo mzazi anawekwa kwenye mtego: akiendelea na dawa, anaambiwa imani yake ni ndogo, akiacha, mtoto anakufa na bado anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Tunauliza tu: babu zetu walimwita Mungu Nyamuzinda na waliendelea kulima. Nani aliwaambia kwamba jembe ni kumkosea?

Mtu atasema: mkulima ana haki ya kutumaini, juu anapanda maharagi mwezi wa tisa na anayavuna kabla ya Noeli. Shindano lina mavuno gani? Leo unapiga, kesho unapiga, na ugonjwa uko palepale. Hiyo si tumaini, ni kuvumilia tu.

Ni swali zuri na hatulidharau. Tunajibu hivi: mavuno ya shindano ni siku yenyewe. Asubuhi mtoto anaenda shule. Saa nane anarudi, anagombana na ndugu zake juu ya mpira. Jioni anakula bugali kipande alichopimiwa, na sombe na maharagi, na ananung’unika kwamba kipande ni kidogo. Kama hakupigwa shindano, yote hayo hayangekuwapo. Mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka. Nyumba yetu inavuna kila jioni, lakini mavuno hayawekwi gunia, kwa hiyo ni rahisi kutoyaona. Kutumaini, kwetu, ni kujifunza kuyaona.

Na kuko tumaini lingine, la mbali zaidi, ambalo historia yenyewe inatupa. Kabla ya mwaka 1922 mtoto wa ugonjwa huu alikuwa anakufa, hata katika nchi tajiri. Waganga waliweza tu kumnyima chakula ili aongeze miezi kidogo. Mwaka 1921, kule Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini katika kongosho la mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa shindano la kwanza. Halikufaulu, dawa haikuwa safi na mwili wake uliikataa. Mwenzao James Collip aliisafisha, na tarehe 23 Januari walimpiga tena. Sukari ilishuka. Leonard aliishi miaka mingine 13.

Mwaka uleule binti mmoja, Elizabeth Hughes, alianza insulini akiwa amebaki mifupa. Huyo aliolewa, alizaa watoto watatu, na alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 73, baada ya kupiga shindano zaidi ya 40,000. Hakupona hata siku moja. Lakini nani atasema hakuishi?

4. Tumaini na mfuko

Hapa msomaji wa Miti atacheka kidogo na kusema: “Huyo Elizabeth baba yake alikuwa nani?” Alikuwa waziri wa mambo ya kigeni wa Marekani. Ndiyo. Na hilo linatufikisha kwenye kiini cha maneno yetu.

Wavumbuzi wa insulini waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe mali ya mtu. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu Leonard, na bado kwetu, mara mingi, ni jamaa yenyewe inayotoa feza mfukoni: insulini, sirenge, vikaratasi vya kupimia damu, na moto ya kwenda Bukavu na kurudi. Kuko misaada iliyokuja: programu ya Changing Diabetes in Children, iliyoanza mwaka 2009 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini, iliingia pia Kongo. Lakini msaada hauwafikii wote, na hauji kila mwezi sawa njaa inavyokuja.

Halafu kuko vita. Wengine wanahesabu vita kwa majina ya majemadari; nyumba yenye mgonjwa wa sukari inaihesabu kwa chupa zilizobaki. Bukavu ilianguka mwaka 1996, ikaanguka mwaka 2004, na Februari 2025 M23 waliingia Kavumu tarehe 14 na Bukavu tarehe 16. Ndege zikaacha kutua, benki zikafunga. Siku sawa hizo, kumwambia mama “uwe na tumaini, Mama” na kumwacha mlangoni ni kumtukana kwa upole.

Ndiyo maana tunasema jambo la pili, na ndilo tulilotaka kusema tangu mwanzo: tumaini si kazi ya moyo wa mgonjwa peke yake. Ni deni la wanaomzunguka. Katika kipoyi, yule aliyelala hatumwombi ajikaze ili awe mwepesi. Tunaomba mabega. Kama mama wa mtoto wa sukari amekata tamaa, tusimuulize kwanza imani yake iko wapi. Tujiulize ni nani alipaswa kuingia zamu na hakuingia.

Na zamu hizo si lazima ziwe za feza. Jirani mwenye frigo anaweza kuweka chupa mbili. Motari anayepita Mudaka kila siku anaweza kubeba dawa kutoka mjini. Mwalimu anaweza kumruhusu mtoto kutoka kukojoa bila kumchapa, na kuweka sukari kidogo katika meza yake. Wamama wa likirimba wanaweza kumpa mwenzao zamu yake mapema mwezi mbaya. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata bila frigo kuko njia. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya frigo, kati ya digri 2 na 8, bila kugandishwa. Lakini ile inayotumika inaweza kukaa nyumbani majuma manne mahali pa baridi, mbali na jua na moto. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya joto la kambi ya Dagahaley, kule Kenya: insulini iliyokaa majuma manne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digri 25 na 37 haikupoteza nguvu. Miti yetu ya mlimani iko na baridi kuliko Dagahaley. Na nyungu mbili za udongo, moja ndani ya nyingine, na mchanga wenye maji katikati, zikiwekwa kivulini penye upepo, zinapunguza joto. Nyungu hizo ni ufundi ambao Barhwa wa hapa wanaujua tangu zamani. Sisi tuliozidharau tukanunua plastiki, tunarudi kuziomba.

5. Watoto wengine nao

Tusijifanye kwamba kubeba hakuchoshi. Swali linaloumiza zaidi ndani ya nyumba si lile la kifo, ni lile la kugawa. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari inalipiwa. Mwezi feza ni kidogo, mzazi ananunua nini: chupa ya mmoja ama malipo ya shule ya wawili?

Wengine wanasema: haki ni kugawa sawasawa. Sisi tunafikiri haki ni kumpa kila mmoja kile ambacho bila hicho hawezi kubaki pamoja nasi. Mwaka wa shule uliopotea unaumiza, lakini unaweza kurudishwa. Insulini ya juma hili hairudishwi juma lijalo. Kwa hiyo chupa inatangulia.

Lakini hapohapo tunaongeza: yule ndugu anayerudishwa nyumbani juu hakulipa, malalamiko yake ni ya haki. Asiambiwe “nyamaza, mwenzako ni mgonjwa”. Aambiwe ukweli wa hesabu, feza ngapi ziliingia na zilikwenda wapi, na aahidiwe zamu yake, na ahadi itimizwe. Tumeona nyumba ambazo ugonjwa haukuzivunja, lakini chuki ya watoto wazima ilizivunja.

Na mgonjwa mwenyewe naye ana bega. Mtoto wa miaka kumi na zaidi anaweza kujifunza kupima damu yake, kujipiga shindano mzazi akiangalia, kuchunga mbuzi, kuosha sahani. Tukimkataza kila kazi juu ya huruma, tunamfundisha kwamba yeye ni mzigo tu. Mzigo hauwezi kutumaini. Mwenye kubeba anaweza.

Neno moja juu ya ndoa, juu wazazi wa wasichana wanatuuliza. Je, waambie wakwe? Kuficha kunaonekana kulinda, lakini bibi arusi atajipigia wapi shindano usiku wa kwanza? Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamfichua. Aseme mapema, mbele ya mbuzi na ng’ombe kuhesabiwa. Mwanaume atakayekimbia, afadhali akimbie mapema. Mwanamke wa sukari akifuatwa vizuri na waganga, anaweza kuzaa.

6. Tunachoomba

Kitabu hiki kinasomwa katika mikutano ya jumuiya yetu, kwa hiyo tunamaliza kwa maombi yaliyo wazi.

Mtoto yeyote anayekunywa maji mengi, anayekojoa sana na anayekonda, apelekwe kituo cha afya siku ileile, na mzazi atamke mwenyewe: “Mumupime sukari.” Tone moja la damu kwenye kidole linatosha kuanza kujua.

Mtoto wa sukari akianza kutetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja. Akiwa amepoteza fahamu, msimwekee kitu kinywani. Mkimbieni naye hospitalini.

Atakayesikia neno karuho likitajwa juu ya mtoto anayekonda, aulize mbele ya wote kama mtoto amepimwa. Swali hilo dogo linaweza kuokoa mtoto na bibi mzee kwa siku moja.

Na kila kijiji kinachokuwa na mgonjwa wa sukari, wazee wake waite kikao kimoja, kama walivyoita vijana zamani kwa kipoyi, na wapange: nani ana frigo, nani ana moto, nani ataweka franka kidogo kila mwezi, nani atakaa na mtoto mama akienda Bukavu. Majina yaandikwe. Mwezi ukiisha, zamu ibadilike.